Kaanga Sana, Shemeji

Selaphum, 4 Mei, mwaka wa Buddha 2538

Kwako shemeji Yong, mchumba wa dada yangu na mfalme wa kuku wa Saraburi,

Nakuamkia kwa mikono miwili iliyokutana kifuani, ingawa mmoja una mafuta na mwingine una pilipili.

Gunia la ngozi za kuku limefika. Kondakta wa basi la alfajiri amelishusha kituoni akapiga kelele, "Tui! Njoo uchukue mgonjwa wako!" Watu wakacheka. Nikawaacha wacheke, maana hao hao jioni walipanga foleni mbele ya karai langu, na niliowakumbuka sura niliwapa wa mwisho.

Nikwambie kitu, shemeji. Sokoni hapa sasa hivi kuna mimi, halafu kuna wengine. Mama Piek wa meza ya pili anauza mapaja, mabawa, shingo, kuku mzima mpaka kucha zake, na bado watoto wakitoka shule wanampita kama nguzo ya umeme. "Kaka Tui, ngozi! Kaka Tui, ile iliyojikunja!" Naitia mfukoni na wali wa kunata na pilipili, nampa mtoto na tusi moja la bure, anaondoka anaringa. Jana Mama Piek uvumilivu umemwisha. "We mtoto, nyama ya hao kuku wako umeipeleka wapi?" Nikamwambia, "Wameila Wajapani, mama. Utamu wametuachia sisi."

Si ndivyo ulivyonieleza? Kwamba kiwandani kwenu mnamvua kuku ngozi, mnafungasha nyama nyeupe kwenda Japani, ngozi inabaki haina mwenyewe? Haki ya mama sijapata kusikia ujinga kama huo. Watu wanaunda magari, kula kuku hawajui!

Na weupe wa ngozi zako, shemeji! Bi harusi aliyezidisha poda. Nikifungua gunia sinusi kuku, nanusa hospitali. Wateja wameshazipa jina, "ngozi za hospitali," nami nazipigia debe hivyo hivyo: njooni mle usafi!

Ila wewe mwenyewe una kasoro. Mwaka mpya ulipokuja, watu wanamwagiana maji barabarani, dada Lamduan kakukaangia ngozi kwa mikono yake, wewe ukaisukuma pembeni ya sahani kama bibi wa Bangkok anayeogopa kiuno. "Nimechoka na kuku, nanusa kuku kutwa." Nilikuona. Ukishaoa hapa utakula, la sivyo tutakushika wawili mmoja akulishe.

Sasa habari kubwa. Mwisho wa mwezi wa sita naingia utawa. Usicheke. Ndiyo, mimi, niliyefukuzwa darasa la sita kwa kumtia mwalimu chura mkobani. Figo za Mama hazitengemai, na anachotaka ni kimoja: amwone mwanawe wa kiume ndani ya joho la manjano kabla watawa hawajajifungia kwa miezi ya mvua, ili siku yake ikifika ashike pindo la joho limpandishe mbinguni. Wa kiume anaye mmoja tu, ndiye huyu anayekuandikia, kwa hiyo maskini hana pa kuchagua.

Siku ya kunyolewa kijiji kizima kitakula kwetu. Kitakula nini? Nitumie magunia matatu, bora kuliko yote uliyowahi kutuma.

Wako, mtawa mtarajiwa,
Tui


Saraburi, 14 Mei 2538

Mdogo wangu Tui,

Barua yako nimeisoma wakati wa mapumziko, nimecheka mpaka msimamizi akaniuliza kama nimepata bahati nasibu. Nikamwambia nimepata shemeji.

Kuhusu magunia, ondoa shaka. Ngozi zetu ni za siku hiyo hiyo, zinatoka kwenye mashine zinaingia kwenye barafu. Nakuchagulia mwenyewe, moja moja. Harufu unayoisema ni maji ya dawa tunayooshea kila kitu humu ndani, kuanzia visu mpaka viatu. Wajapani ni watu wa masharti.

Nina ombi lile lile la siku zote: ikaange sana. Mafuta yachemke kwelikweli, na usiitoe mpaka iwe kahawia iliyokolea, siyo ile rangi ya dhahabu unayoipenda wewe kwa sababu inapendeza machoni. Ngozi laini haina maana. Kaanga sana, shemeji. Biashara yote iko hapo.

Kuja siwezi kuahidi. Kazi ya kufungasha haina likizo mwezi wa sita. Mwambie Lamduan namwaza kila nikifunga katoni. Mwambie na Mama asihuzunike, utawa wako ni heri yetu sote. Magunia hayo matatu ni mchango wangu kwa hekalu.

Kaka yako,
Yong


Selaphum, 5 Juni 2538

Shemeji mfungashaji,

Kwanza, usinifundishe kukaanga. Ni kama mimi nije huko nikufundishe kufunga katoni. Rangi ya dhahabu ndiyo iliyonipa jina, hiyo kahawia yako wape wanajeshi. Wewe mtu asiyekula ngozi umepata wapi elimu ya ngozi?

Pili, mambo yameiva. Mjomba Bunmi ataleta ngoma. Wanawake wa mtaa wetu watapika wali wa kunata na kachumbari ya papai bichi. Ngozi ni zangu, hakuna wa kugusa karai. Mama ameanza kutembea mpaka mlangoni na kurudi, anasema anafanya mazoezi ya kutembea nyuma ya mwanawe kwenye maandamano. Jana nimemkuta analipiga pasi joho ambalo halijavaliwa. "Mama, litaungua hilo." Akanijibu, "Wewe ndiye unayeunguza vitu katika nyumba hii."

Tatu, na hapa ndipo utajua shemeji yako ana kichwa. Nilikwenda kwa Babu Mtawa kumwomba aniingize utawa. Unamjua, mkuu wa hekalu letu, meno yalishamwagika zamani, limebaki moja la kumbukumbu. Nikamwuliza, "Babu, siku yangu nikuwekee nini kwenye bakuli?" Akasema, "Weka ulichonacho." Nikasema, "Nina ngozi za kuku, Babu, sifa zake zimefika Yasothon." Akacheka mpaka jino likaonekana. "Mwanangu, hizo nazisikia tu zikilia midomoni mwa watoto. Mimi nitazitafuna na nini?"

Basi nikaenda nikawaza. Babu Mtawa hajala ngozi tangu mimi sijazaliwa! Nitamfanyia ya kuchemsha. Naitumbukiza kwenye maji ya moto kidogo tu, isije ikawa mpira, naikata nyembamba kama nyuzi, natia ndimu, pilipili, kitunguu, na unga wa mchele wa kukaanga. Saladi laini, inateleza yenyewe mpaka tumboni. Wazee wote wasio na meno watakula humo. Ndani ya magunia yako nitachagua zile nyeupe kuliko zote ziwe za Babu.

Sema sasa, nani mwingine amewahi kuwaza hilo?

Tui, mpishi wa watawa


Saraburi, 23 Juni 2538

Tui,

Magunia matatu yako kwenye basi la leo. Ukiyapokea usiyaache juani. Kaanga zote. Hiyo saladi achana nayo, ngozi ya kuchemsha si chakula cha kumwandalia mtu mkubwa, watu watakucheka. Mpe Babu Mtawa samaki.

Nina haraka, kengele imeshalia.

Yong


Hospitali ya wilaya, 30 Juni 2538

Shemeji,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye sakafu ya veranda, kwa sababu vitanda vimejaa watu wetu. Kichwa changu kinang'aa kama yai. Nyusi sina. Walininyoa vyote kabla ya chakula, kama inavyotakiwa, Mama akakata kishungi cha kwanza, akalia, nikamtania kwamba analilia nywele chafu. Nilivalishwa nguo nyeupe. Watu wakaanza kula.

Ilianza kwa Mjomba Bunmi. Aliacha ngoma katikati ya wimbo, akashika tumbo, tukadhani ni pombe, tukamzomea. Halafu mke wake. Halafu wazee waliokaa pamoja kwenye mkeka, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayepita akiwagusa bega. Mimi nilikuwa bado nasimama na karai nasema, "Taratibu jamani, zipo nyingi!"

Babu Mtawa alikula saladi yote. Nilimwongeza mara mbili, na mtawa hasemi hapana kwa kilichowekwa kwenye bakuli lake. Alisema, "Tamu, mwanangu." Sasa yuko ndani ana mpira wa maji mkononi na macho yameingia ndani. Mama naye alikula kidogo kwa furaha. Kwa figo zile.

Kwa hiyo hakukuwa na maandamano, wala hapakuwa na wa kuniingiza utawa. Mimi si mtawa na si kijana wa kawaida. Sina nywele, sina nyusi, sina joho. Nikipita, watoto waliokuwa wananiita Kaka Tui wanasema, "Yai linapita." Mama Piek amesimama sokoni anatangaza: "Nilisema! Mikono ile ilishika chura, leo inashika chakula cha watu!"

Alikuja afisa wa afya, akachukua mabaki kwenye chupa. Akaniuliza, "Ngozi umezipata wapi?" Shemeji, nilikufikiria. Nikaona wakienda kukusumbua kazini kwa jambo ambalo si lako, kwa sababu najua ngozi zako ni za siku hiyo hiyo. Labda ni maji ya kisima. Labda ni ndimu. Labda ni mimi, kama anavyosema Mama Piek. Nikasema nilinunua mjini Roi Et kwa mtu nisiyemjua. Akaandika. Watu wote walikuwa wanasikia.

Sasa nakuomba jambo moja. Njoo. Siku moja tu. Simama mbele ya watu useme umefanya kazi ya kuku miaka yote hii na unazijua ngozi nilizopika. Wewe ni mtu wa kiwanda, watakusikiliza. Mama anataka tupange siku nyingine kabla ya miezi ya mvua, lakini watu wanasema hawatamsindikiza aliyemlisha Babu sumu.

Njoo, kaka.

Tui


Saraburi, 9 Julai 2538

Mdogo wangu mpendwa,

Nimesoma kwa uchungu mkubwa. Mimi nadhani ni kisima. Visima vya huko msimu huu vinaingia maji ya mashamba. Au nzi, watu wengi namna ile lazima nzi wafuate. Usijilaumu sana.

Kwa afisa ulijibu vizuri. Ulijibu kiume. Shikilia hapo hapo, ukibadilisha maneno sasa watasema unaficha kitu.

Kuja haiwezekani, tuna wakaguzi. Baada ya miezi miwili mitatu watu watasahau, na nywele zitakuwa zimeota. Nakuombea Babu Mtawa apone.

Kwa muda huu sitatuma gunia. Pumzika.

Yong


Saraburi, 17 Julai 2538

Mdogo wangu Tui,

Ni mimi, dada yako. Nilikwambia nakwenda Khon Kaen kununua vitambaa. Samahani, nilikuja huku. Nilitaka nimshike mkono Yong nimlete nyumbani akusafishie jina, hata kama ingebidi nigombane na msimamizi wake.

Nimefika getini saa ya chakula. Wasichana wamekaa chini wanakula, kofia zao nyeupe magotini. Nikawauliza, "Dada zangu, namtafuta Yong." Mmoja akasema, "Yong yupi?" Nikasema, "Wa kufungasha." Wakaangaliana wakacheka. "Huku kufungasha hakuna Yong. Yuko Yong wa mapipa ya buluu." Nikauliza mapipa gani. Akasema, "Ya ngozi zilizokataliwa. Zilizoanguka sakafuni, zilizooza. Anazipeleka kwa kambare, kuna bwawa huko nyuma ya barabara kuu." Mwingine akasema, "Mwezi wa sita chumba cha baridi kiliharibika, dada, ungepita hapa ungezimia. Tulifunga vitambaa puani. Yong peke yake ndiye aliyekuwa anacheka, mapipa yalijaa."

Nikawauliza, "Nyie ngozi mnakula?" Wakasema wanakula sana, lakini za kununua sokoni kwa wanaochinja asubuhi.

Nilimsubiri kwenye chumba chake. Ndani kuna beseni kubwa, brashi, na madumu ya dawa ya kufulia nguo nyeupe. Ndiyo hospitali yako hiyo, mdogo wangu. Anazisugua na dawa mpaka zinakuwa nyeupe, anatupia barafu, anafunga gunia.

Alipoingia hakukataa. Alisema, "Mbona siku zote hamkuugua?" Nikamwuliza swali moja tu. Nikasema, "Barua ya Tui kuhusu saladi ya Babu uliipata lini?" Akaokota brashi akaitia kwenye beseni. Nikamwuliza tena. Akasema aliipata kabla ya kufunga magunia.

Mkufu wa uchumba alionipa nimemwachia juu ya beseni. Usimwambie Mama mpaka nifike.

Dada yako,
Lamduan


Selaphum, 22 Julai 2538

Yong,

Salamu sina.

Nilisimama mbele ya afisa wa serikali, mbele ya Mama, mbele ya watu wanaotapika, nikakufichia jina lako ndani ya mdomo wangu. Ulisema nilijibu kiume. Ulikuwa umekaa na beseni lako miguuni wakati unaandika hivyo?

Umenifanya nipige kelele sokoni "njooni mle usafi." Watoto wa shule, Yong! Nilikuwa nawaongezea bure wale wadogo. Nilikuwa nampelekea Mama mfuko kila jioni.

Nimejaribu kukutetea kichwani, nikashindwa. Njaa? Huna njaa. Hukujua? Ulijua zaidi ya mtu yeyote, ndiyo maana mwaka mpya ulisukuma sahani. Umekaa mezani kwetu, umemwangalia Mama anatafuna, umemwangalia mchumba wako anatafuna, ukatuambia umechoka na kuku.

Miezi ya mvua imeanza. Watawa wamejifungia, mimi niko nje. Mama amelikunja joho amelirudisha kabatini. Afadhali angenitukana.

Njoo useme ukweli. Usipokuja nitausema mimi.

Tui


Saraburi, 3 Agosti 2538

Tui,

Umeandika kama mtoto na nitakujibu kama mtu mzima.

Nilikuambia ukaange. Nimekuandikia mara ngapi? Kaanga sana, kaanga zote, acha saladi. Ungenisikiliza hakuna ambaye angeumia. Mafuta ya moto huua kila kitu, kila mtu anajua. Wewe kwa majivuno yako ukachemsha, tena kidogo, "isiwe mpira." Nani aliyemlisha yule mzee? Mimi nilikuwa Saraburi.

Unadhani wewe ni wa kwanza? Soko lote hilo unalolijua linakula nini? Mshahara wa mapipa haumtoshi mtu kuoa. Nilikuwa natafuta pesa za nyumba ya dada yako.

Ukitaka kusema, sema. Nami nitasema nilikuuzia chakula cha kambare na ulijua. Ulishamwambia afisa ulinunua Roi Et. Watamwamini nani, fundi wa kiwandani au kijana wa sokoni aliyefukuzwa darasa la sita?

Kaa kimya, yatapita.

Yong


Selaphum, 27 Oktoba 2538

Yong,

Imenichukua muda kukujibu, nilikuwa nafanya kazi ya kudharauliwa, nayo inakula siku nzima.

Nilisema. Siku ya ibada, ukumbi wa hekalu umejaa, nikapiga magoti mbele nikasema ngozi zilitoka kwako, na jinsi zilivyokuwa. Ulikuwa sahihi kuhusu jambo moja: hawakuniamini. Mjomba Bunmi alisema kwa sauti, "Juzi Roi Et, leo Saraburi, kesho zitatoka Japani." Wakacheka. Mama alikuwa amekaa mbele, mgongo umenyooka, akasubiri kicheko kiishe ndipo akaniambia, "Twende nyumbani." Dada Lamduan alisimama kunitetea, wakasema amekuchoka amepata mwingine. Hiyo nayo iandike kwenye deni lako.

Kuhusu mafuta yako ya moto, nilikwenda kumwuliza nesi. Nikamwambia, "Dada, kweli mafuta yanaua kila kitu?" Akasema wadudu wanakufa, lakini nyama ikishaoza wanakuwa wameshatema sumu, na sumu hiyo hata uikaange mpaka iwe mkaa haitoki. Akafungua daftari lake akanionyesha: Mjomba Bunmi hakugusa saladi. Alikula za kukaanga tu. Kwa hiyo ile "kaanga sana" yako haikuwa ya kutulinda sisi. Ilikuwa ya kukupa usingizi wewe.

Sasa nikueleze la mwezi wa tisa, maana najua hukuelezwa.

Nilikuwa kituoni napakua mchele wa watu, ndiyo kazi niliyopata. Basi la alfajiri likasimama. Kondakta akatoa kichwa, "Tui! Mgonjwa wako leo kabadilisha daktari!" Nikaangalia gunia. Mwandiko juu yake ni wako, naujua. Jina ni la Mama Piek.

Mama Piek, Yong! Niliumia mpaka ikawa kichekesho. Hata hukungoja nywele zangu ziote.

Akaja mwenyewe kulichukua, anaringa, kitambaa kipya kichwani. Nikalikalia gunia. "Toka juu ya mali yangu, we yai!" Nikasema, "Sitoki, Mama Piek, mpaka alifungue afisa wa afya mbele ya watu." Akanipiga na mwavuli. Nikakaa. Akapiga kelele kwamba nina wivu wa biashara, soko zima likaja kuangalia, na hicho ndicho nilichotaka, wewe unanijua, sijawahi kuchukia watazamaji. Mwavuli ukavunjika. Jua likapanda, nami nimekalia, barafu ikaanza kuyeyuka na maji yakanipita chini ya makalio yakaenda kwenye miguu ya watu. Waliokuwa mbele wakarudi nyuma. Yale maji yalinuka hospitali kwanza, halafu yakanuka kile ambacho hospitali ilikuwa inakifunika.

Mama Piek ndiye aliyesema. Alishika pua, akainama akaangalia, akasema taratibu, "Na mimi nimeshawauzia watu gunia moja la hizi." Halafu akakaa chini palepale kwenye maji.

Afisa alikuja, akalifungua. Mjomba Bunmi alikuwepo. Hakuniomba radhi, yeye si mtu wa namna hiyo, ila alivua shati lake akanipa nijifute.

Polisi wa huko wameshakufikia, nimesikia, na umewaambia nilijua tangu mwanzo. Kondakta wa basi na Mama Piek wamekwenda kutoa maneno yao. Dada Lamduan amekwenda na wasichana wawili wa getini. Mtajuana huko.

Babu Mtawa amerudi. Anatembea kwa kushikwa, sadaka za asubuhi anapelekewa alipo. Nilikwenda kumwangukia miguuni. Nikamwambia kila kitu, na jina lako. Akasema alishakusamehe siku ile ile akiwa na mpira mkononi, bila kujua ni nani wa kusamehewa. Yeye ni yeye.

Kesho ananiingiza utawa. Mama amelitoa joho kabatini. Hawezi tena kutembea kwenye maandamano, kwa hiyo Mjomba Bunmi atambeba mgongoni, na ameshaanza kulalamika kuhusu uzito. Chakula ni samaki.

Kinyozi yuko uani ananoa wembe. Babu Mtawa ameniambia kwamba kabla ya kupandisha joho natakiwa niwe nimeomba radhi kwa niliowakosea, na nimewasamehe walionikosea, nisiingie na mtu yeyote moyoni. Nimezunguka nyumba zote. Nimekwenda hata kwa mwalimu wa chura. Umebaki wewe.

Kesho nitakusamehe, kwa sababu ni lazima na kwa sababu Mama anangoja. Ndiyo maana nimewahi kuiandika barua hii leo, nikiwa bado mtu wa kawaida mwenye nywele kichwani na haki zangu zote, nikujulishe hali halisi: sijakusamehe, shemeji. Leo ni yangu nzima, na kinyozi nimemwambia asubiri.

Tui